Nilivyopiga Mguu Sawa Ndani ya Mtumbwi

Mkasa huu ulinigharimu kanzu moja isiyokuwa yangu, buti moja la kushoto, kofia ya kufuma niliyoipenda kuliko kofia zote, na jina. Nimehesabu, halafu nimehesabu tena, maana ndivyo nilivyo, hata fungu la dagaa nalihesabu mara mbili kabla sijaondoka, na kila nikifika kwenye jina hesabu inakwama. Hivyo vingine nimeshavisamehe. Aibu yenyewe siifichi, kwa sababu haifichiki: waliokuwapo ni watu ishirini na mmoja, na kila mmoja ana mdomo. Basi bora mnisikie mimi kabla hamjawasikia wao, ambao wanatia chumvi (ingawa, kusema kweli, chumvi yenyewe si nyingi).

Yote yalianzia kwenye mgambo. Miaka ile Wareno walikuwa bado hawajaondoka upande wa pili wa Ruvuma, kwa hiyo huku kwetu wanaume wengi tulipitia mafunzo, na mimi, muuza sufuria na taa za chemli wa Magomeni ya huku kusini, nikafunga kibanda kila jioni nikaenda uwanjani. Mwalimu wetu, tuliyemwita Afande, alikuwa mtu wa bara mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Somo lake la kwanza lilikuwa kusimama. Mkiambiwa "Mguu pande!" mnapeleka mguu wa kushoto pembeni, mnatanua kidogo, mnapumua. Mkiambiwa "Mguu sawa!" visigino vinagongana, mikono inaganda mapajani, macho mbele, hata nzi akikutulia puani ni mgeni wako. Siku ya kwanza tulikuwa watu arobaini na watatu (nilihesabu mara mbili, na mara ya pili tulikuwa arobaini na wawili, maana mmoja alikuwa ameshaanguka).

Sasa, mwenye akili angejifunza kitu pale. Kwenye mguu pande hakuna aliyeyumba. Lakini kila tulipobana visigino, mstari mzima ulianza kupepesuka, huyu mbele, huyu nyuma, kwa sababu mtu aliyebana miguu anasimama kama chupa iliyogeuzwa ikasimamishwa kwa mdomo wake. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Ila mimi nilijifunza somo jingine kabisa: kwamba kwa kuwa mguu sawa ni mgumu, basi anayeuweza ni mtu mzito. Nikaanza kuufanyia mazoezi kibandani, katikati ya masufuria, mpaka wateja wakawa wanauliza kama naumwa. Siku ya mwisho ya mafunzo Afande akanisimamisha mbele, akanizunguka, akasema, "Huyu amesimama!" Maneno hayo mawili yalinipandisha kichwa, na kichwa kikipanda mahali pa kukishushia hapakosekani.

Wiki hiyohiyo nikapata habari kutoka Mahurunga. Bakari, mtoto wa baba yangu mdogo, alitaka kuoa, na mimi nilitakiwa niwe mshenga. Wala sikushangaa. Katika ukoo wetu, penye mapatano ninaitwa mimi, iwe kununua mbuzi au kugawana mikorosho.

Bakari ni mpole, mvumilivu, na mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto tangu alipougua utotoni. Nchi kavu anatembea kwa kuinama na kuinuka, na watu wasiomjua wanamwonea huruma ambayo hajaiomba. Binti mwenyewe, Somoe, alikuwa kijiji cha pili, ng'ambo ya mkono mmoja wa mto (upande wetu huuhuu wa Tanzania, msije mkadhani nilimvusha mtu vitani). Baba yake alishafariki, na kwa desturi ya huko, hata angekuwa hai, mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wake, Mzee Athumani, alikuwa pia balozi wa nyumba kumi. Hakukataa. Alileta swali tu, na swali lilikuwa baya kuliko kukataa: "Bonde letu la mpunga matope yanafika magotini. Mguu ule utasimama vipi? Mleteni mtu wa kunieleza." Halafu akaongeza kwamba kuna fundi cherehani wa Mikindani naye ameleta barua, na jibu atalitoa Ijumaa.

Tulikuwa Jumatano.

Nikapanda lori Alhamisi, nikafika Mahurunga jioni nikiwa na barua ya posa niliyoandikiwa na karani mwenye mwandiko wa kupendeza, kwa wino wa buluu, na nikiwa na hoja saba kichwani juu ya miguu. Kanzu yangu ilikuwa na doa la mafuta ya taa, hivyo niliazima ya Maalim wetu wa chuoni, ambaye ni mwembamba, Mungu amzidishie. Niliingia ndani yake kwa kuvuta pumzi. Na chini, hapa ndipo ulipo uamuzi mdogo ulioniponza, nikavaa buti za mgambo. Niliona kwamba mjomba akiwa balozi, akiona buti ataona serikali, na akiona serikali atalegea.

Alfajiri ya Ijumaa shangazi yetu, Bi Mwanahawa, ambaye ndiye angebeba sinia lenye doti ya kanga na udi, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Hamisi, hiyo umevaa kanzu au foronya?"

"Kanzu, shangazi."

"Mbona unatembea kama umefungwa kamba?"

Kweli, hatua zangu zilikuwa za shibiri moja moja. Ile kanzu haikuniruhusu kutanua miguu hata kidogo. Lakini mtu aliyejiona amependeza hasikii.

Mwenye mtumbwi alikuwa na homa, kwa hiyo Bakari mwenyewe akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Bwana harusi mtarajiwa hafuatani na posa, hilo tulilijua. Tukakubaliana atufikishe kando, abaki mtumbwini, asipande kwenda kwa wakwe. Watu wa ng'ambo walimjua akiwa nchi kavu tu, akiinama na kuinuka. Sisi tulimjua pia akiwa majini, maana riziki yake ilikuwa kutega madema ya samaki kwenye mikoko, peke yake. Ila hata mimi, nisiwadanganye, sikuwahi kutazama anavyosimama. Siku hiyo alisimama nyuma, mguu wa kushoto huku, wa kulia kule, mmoja mbele kidogo, magoti yamelegea, na kila mtumbwi ulipocheza ulicheza chini yake tu, yeye juu ametulia kama taa iliyotundikwa.

"Kaka Hamisi," akaniambia tulipoingia, "kaa sakafuni katikati. Ukitaka kuinuka, niambie kwanza."

"Bakari, mimi nimetoka mgambo juzi."

"Najua. Lakini huu ni mti uliochimbwa. Haujui."

Nikakaa. Barua nikaiweka ndani ya kofia, juu ya utosi, kwa sababu nilipiga hesabu nikaona hapo ndipo mahali pakavu kuliko pote mwilini mwangu.

Tulikuwa tumebakiza hatua kama kumi na tano kufika ukingoni (nilikadiria mara mbili) jua lilipoanza kutoka, na nikaona mbele ya nyumba ya Mzee Athumani mlingoti wa bendera. Chini yake yupo mzee mwenyewe ameshika kamba, pembeni mgambo wawili wa zamu, na huku na huku watu wanaokwenda shambani, wanawake na majembe yao, kina mama na ndoo kichwani. Filimbi ikalia. Halafu mgambo mmoja akapaza sauti:

"Mguuu... sawa!"

Kila mtu ukingoni akaganda. Ndoo zikaganda vichwani.

Na mimi, ndugu zangu, visigino vikaniwasha. Nilipiga hesabu ya kibiashara, ya haraka, kama ninapomwona mteja anaangalia sufuria kubwa: mjomba yuko pale, anatazama huku, swali lake ni nani anaweza kusimama, je, bei haitashuka kabla hata sijafungua mdomo, akiona mshenga wa upande wa pili anaiheshimu bendera hata akiwa majini? Niliona ni faida tupu. Sikuona gharama.

Nikasimama.

"Kaka, kaa!" Bakari akasema.

"Kaa chini wewe!" Shangazi akadakia. "Umeambiwa hapa ni sebuleni kwenu?"

Sikujibu, kwa sababu kwenye mguu sawa mtu hajibu. Nikagonga visigino, buti kwa buti, katikati kabisa ya mtumbwi, mikono mapajani, macho mbele. Na kwa muda mfupi sana, ambao hata sasa nikiukumbuka nasikia raha kidogo, nilisimama.

Kisha mtumbwi ukacheza kulia. Kitu kidogo tu. Mtu aliyetanua miguu angeuegemea mguu wa kulia, mambo yakaisha. Mimi mguu wa kulia na wa kushoto ilikuwa mahali pamoja, sina pa kuegemea. Nikataka kutanua, kanzu ya Maalim ikakataa. Nikataka kunyoosha mikono nijisawazishe, lakini Afande alikuwa ameigandisha mapajani kwa miezi mitatu, haikuja. Mtumbwi ukarudi kushoto, buti zikateleza kwenye mti uliolowa, na nikaenda mzima mzima, nimenyooka, macho bado mbele, kama nguzo ya simu iliyokatwa. Wanasema hata nilipokuwa hewani nilikuwa bado nimepiga mguu sawa. Hilo silikubali wala silikatai.

Maji yalinifika kifuani, si mengi, lakini chini palikuwa na tope la kunyonya, na kanzu ilinifunga miguu, hata nikawa naanguka na kuinuka, naanguka na kuinuka, nakunywa Ruvuma bila kupenda. Nikatazama ukingoni nipate msaada. Hakuna aliyesogea! Kamba ya bendera ilikuwa imekwama nusu ya mlingoti, mzee anaivuta, haipandi, na mradi bendera haijafika juu watu wote wamesimama mguu sawa, wananitazama kwa pembe za macho, mabega yakitikisika. Mama mmoja mwenye ndoo, bila kugeuza shingo, akasema taratibu, "Asikae sana hapo. Juzi pametoka mamba."

Nikapiga kelele ambayo sitaiandika.

Aliyekuja ni Bakari. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu niliona kila kitu, hata kama niliona kupitia maji. Nilipoanguka niliusukuma mtumbwi ukalala ubavu. Shangazi akapiga yowe, sinia likateleza likamfikia Bakari miguuni. Yeye hakuruka, hakukaa. Uzito akauhamishia mguu mfupi, mtumbwi ukapungua kulala. Akaurudisha mguu mrefu, mtumbwi ukatulia. Sinia akalizuia kwa unyayo, pondo akalikita topeni, na kwa mkono wa pili akanishika ukosi wa kanzu. Shangazi hakulowa hata ncha ya kanga. Kule ukingoni bendera ikapanda yenyewe mpaka juu, lakini naambiwa Mzee Athumani alikuwa ameshaacha kuitazama.

Bakari aliponivuta, kanzu ikapasuka nyuma kutoka pindo hadi kiunoni (hapo ndipo miguu yangu ilipopata nafasi, imechelewa). Buti la kushoto likabaki topeni, na mpaka leo liko huko. Nikapanda ukingoni. Na kwa sababu akili yangu ilikuwa bado majini, nilipomwona balozi mbele yangu nikagonga tena visigino, buti moja na unyayo mmoja, nikampigia mguu sawa. Nyuma yangu watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba bukta yangu ilishonwa kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia, chenye maua makubwa.

"Karibuni," Mzee Athumani akasema, uso mkavu. "Mshenga ameleta na bustani."

Tukaketi barazani. Nikavua kofia nitoe barua. Ilitoka kama uji. Mzee akaifungua kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Siioni barua," akasema. Kisha akanitazama. "Aa, kumbe iko kwenye paji la uso."

Wino ulikuwa umeiharibu kofia, kisha ukanishuka mpaka kwenye nyusi. Shangazi akaninong'oneza nifute, nikafuta kwa mkono, nikaongeza na mashavu.

"Haidhuru," Mzee akasema. "Isome kwa kichwa."

Nikakohoa. "Baada ya salamu..." Nikakwama hapo. Hayo ndiyo maneno pekee niliyoyakumbuka. Nikazitafuta zile hoja saba juu ya miguu, na kila niliyoishika ilinitazama ikanicheka. Ningemwambiaje yule mzee kwamba kusimama si urefu wa mguu, mimi mwenye miguu miwili iliyolingana? Nikamwona Bakari kule mtumbwini, ameinamisha kichwa. Kijana wa watu alinipa kazi moja. Kesho yake fundi cherehani angepokewa kwa vigelegele, na kijiji kizima kingesema kilema amepeleka posa ikazama.

"Mzee wangu," nikasema, "mimi ndiye niliyeanguka. Yule hakuanguka. Sina jingine."

Mzee akageuka akautazama mtumbwi. Halafu akafanya jambo ambalo shangazi alilitolea macho, maana si desturi: akaita kwa sauti, "Wewe kijana! Njoo."

Bakari akapanda, akiinama na kuinuka. Akasalimia, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Niambie, kwa nini hukuanguka?"

Bakari akafikiri. "Mimi nilianza kuanguka nikiwa mdogo sana, mjomba. Nimeanguka sana, mpaka nikajua kila mahali mguu unapotakiwa kuwekwa. Wenzangu wanasimama bila kufikiri. Mimi nikisimama, nimefikiri kwanza."

"Simama nione."

Akasimama kama alivyosimama mtumbwini. Mzee akainuka, akanisimamisha na mimi pembeni yake. "Wewe, mguu sawa." Nikabana visigino. Akanigusa begani kwa kidole kimoja, kimoja tu, nikaenda mpaka kwenye mtungi wa maji. Akamgusa Bakari kwa kidole, halafu kwa kiganja, halafu akamsukuma hasa. Bakari akalegeza goti, akabaki pale pale. Mzee mwenyewe akajaribu, akabana miguu yake, akayumba, akaitanua, akatulia, akaitazama miguu yake kama ameletewa mipya.

"Miaka yote napiga mguu sawa pale kwenye mlingoti," akasema, "kumbe nilikuwa naning'inia."

Kisha akageukia mlangoni, kwenye pazia. "Somoe! Umeona?"

Pazia likatikisika.

"Nakuuliza, mwanangu. Yule wa Mikindani, au huyu?"

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko, si cha kunicheka mimi (hicho nilishakizoea, nakijua), ni kile cha mtu aliyekizuia muda mrefu. Bibi yake akatoa kichwa.

"Kacheka," akatangaza. "Mnataka jibu gani tena?"

Shangazi akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi nikakaa chini, nimelowa, paji la buluu, nikalia kidogo. Mkiulizwa, semeni ni wino uliniingia machoni.

Wakaoana baada ya mavuno ya mpunga. Bakari alisimama kwenye lile bonde, tope magotini, tangu kupanda hadi kuvuna, na mjomba akawa anawaleta watu kumtazama. Maalim alinisamehe kanzu kwa sharti kwamba nisiazime tena kitu chake chochote. Afande alinisimamisha mbele ya wenzangu nieleze buti la serikali limekwenda wapi, nikaeleza, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaa chini. Tangu hapo sibani miguu. Kwenye foleni natanua, kwenye picha natanua, hata nikisubiri kivuko natanua, watu wanadhani nataka ugomvi. Na ndani ya mtumbwi nakaa, hata ikipigwa filimbi, wakitaka wanishitaki.

Limebaki jina. Kuanzia siku ile, kuanzia Mahurunga mpaka sokoni kwangu, mimi ni Mguu Sawa. "Mguu Sawa, taa bei gani?" "Shikamoo, mzee Mguu Sawa." Nimejaribu kuhamisha kibanda, jina likahama nami.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mtoto wa Bakari na Somoe. Wa kike, wamempa jina la shangazi, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Akajiinua kwa kushika goti langu, akaliachia, akatanua vimiguu vyake mbali mbali, magoti yamelegea, mikono hewani, akayumba, akatulia. Hakufundishwa na mtu. Nikatoa machozi ya furaha. Akanitazama, akanyoosha kidole, na mbele ya wazazi wake waliokuwa wanajikaza wasicheke, akatamka neno lake la kwanza kwangu: "Guu."

Basi ninyi mnaonisikia, mlio na watoto, nipeni ushauri. Kanzu sidai, kofia sidai, buti mamba akiliona alichukue. Nataka tu mtu amfundishe yule mtoto kusema Hamisi kabla ulimi wake haujakomaa. Ni silabi tatu. Nimezihesabu mara mbili.